Tunanunua spika kwa macho, halafu tunayalaumu masikio

Najua nilipotea. UE zimeisha Ijumaa iliyopita, nimetoka mzima (kuna sup moja nainusa kwa mbali, tuombeane), na badala ya kulala kama binadamu wengine nikapanda basi kwenda Morogoro kwa mjomba. Nimekaa siku nne, nimerudi jana usiku na hasira ambayo lazima niitue hapa, maana rumeti wangu amegoma kuisikiliza mara ya tatu.

Hasira yenyewe ni ya spika. Ndiyo, spika za muziki. Msicheke kwanza.

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo chake kilipotoka alifanya mambo ya maana kama watu wazima wanavyofanya: akamalizia paa, akachimba kisima, akalipa ada za binamu zangu. Halafu akajitengea kitu kimoja tu cha kwake mwenyewe, mfumo wa muziki wa maana sebuleni. Mtu wa Morogoro huwezi kumlaumu kwa hilo. Ule ni mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Mjomba amekulia humo. Salum alifariki 1965, Mbaraka akafariki kwa ajali Mombasa 1979, lakini kwa mjomba hao watu hawajafa, wametoka tu kidogo watarudi.

Basi akaenda Dar, Kariakoo, dukani. Akarudi na minara miwili mirefu inanifika kifuani, ina taa za bluu zinazopepesa, na amplifaya yake. Jumla 1,800,000. Kwenye risiti kuna muhuri mnaoujua wote: mali ikishauzwa hairudishwi.

Sasa tatizo. Mjomba alikuwa hasikii maneno. Muziki anausikia, tena mpaka kwa jirani wanausikia, lakini mwimbaji anaimba nini haelewi. Taarifa ya habari ndiyo kabisa. Akawa anaongeza sauti, shangazi anakimbilia jikoni. Akaenda kupima masikio, akaambiwa ni masikio ya kawaida ya mtu wa umri wake. Hakuamini. Nilipofika nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akanionyesha ile minara imefunikwa vitambaa vya kufuma juu yake kama meza. "Siwashi tena, mpwa wangu. Nimekuwa kiziwi."

Lakini bado ana tumaini. Akatoa simu kunionyesha picha ya sabufa kubwa na amplifaya nyingine yenye "nguvu zaidi". Milioni 2 nyingine, ameshaziweka pembeni. Muuzaji kamwambia shida yake ni wati hazitoshi!

Hapo ndipo damu ilipoanza kunichemka. Nasoma umeme, jamani. Mwaka wa tatu. Kama sitamtetea mjomba wangu kwenye wati, hii boom ninayokula ni ya nini?

TUANZE NA WATI. Kwenye boksi la ile amplifaya wameandika kwa maandishi ya dhahabu: 20,000W PMPO. Nikaigeuza nyuma. Kuna kile kibati kidogo ambacho hakuna anayekisoma, kinasema inatumia umeme wa wati 180. Haya, hesabu ya darasa la nne: kitu kinachokula wati 180 ukutani kitatoaje wati 20,000 kwenye spika? Pasi ya nguo inakula kama wati 1,000. Wati 20,000 ni pasi ishirini zimewashwa kwa pamoja. Plagi ya kawaida ya ukutani ina fyuzi ya ampea 13, yaani kama wati 3,000 hivi, ukizidisha inakatika. Ingekuwa kweli, mjomba angewasha Mbaraka mtaa mzima ukaingia giza.

PMPO haina kipimo kilichokubaliwa na yeyote. Kila kiwanda kinajipimia chenyewe, kwa kufumba na kufumbua, kwa namna inayokifurahisha. Na uongo huu si wa jana. Kule Marekani wauza amplifaya walizidisha mpaka 1974 serikali yao ikaweka kanuni maalumu ya namna ya kupima na kutangaza wati za amplifaya za nyumbani, na 2024 wakairekebisha tena kwa sababu ujanja ulikuwa umerudi kwa mlango mwingine. Wenzetu wanatungiana kanuni, sisi tunasoma boksi tunatikisa kichwa, "duh, elfu ishirini!"

Halafu hata wati za kweli hazina maana unayodhani. Ukitaka sauti iongezeke kidogo tu, desibeli 3, unahitaji wati mara mbili. Kutoka wati 50 kwenda 100 ni hiyo desibeli 3, mtu anasema "naam, imepanda kidogo". Kinachobadilisha mambo ni spika yenyewe inapokea umeme kiasi gani na kutoa sauti kiasi gani. Spika nzuri huandikwa: desibeli 86 kwa wati 1 kwa umbali wa mita 1, au 89, au 92. Spika ya 92 ukiipa wati 25 inalia sawa na ya 86 iliyopewa wati 100. Namba hiyo ndogo, isiyo na maandishi ya dhahabu, ndiyo ya kuuliza dukani. Muulize muuzaji uone atakavyokutazama.

PILI, BESI. Hapa nitagombana na nusu ya hosteli lakini potelea mbali. Tumejifundisha kwamba spika nzuri ni ile inayotikisa dirisha. Mtu akija chumbani kwako hasemi "inaimba vizuri", anasema "inapiga!" Sasa sikilizeni. Waya mnene kuliko yote wa gitaa la besi hutoa mlio wa kama hezi 41. Ile "dum dum" ya hizi spika mara nyingi si hiyo. Ni uvimbe uliotengenezwa makusudi juu zaidi ya hapo, kwa sababu uvimbe ndio unaokushtua dukani kwa dakika mbili. Kila noti ya besi inatoka mlio uleule mmoja. Mpiga besi anapanda na kushuka, wewe unasikia mtu anapiga debe.

Na uvimbe huo unafunika maneno. Herufi zinazotusaidia kutofautisha maneno, s, sh, f, t, k, nguvu zake ziko juu, kuanzia kama hezi 2,000 na kuendelea. Umri unapoyala masikio unaanza huko juu kabisa. Kwa hiyo mzee wa miaka sitini na kitu tayari kapunguziwa kidogo sauti za juu, halafu wewe unammwagia tope la besi juu yake, kisha dawa unayomwandikia ni... SABUFA! Huyo si mteja tena, huyo ni mgonjwa anayeuziwa ugonjwa wake.

TATU, CHUMBA. Sebule ya mjomba ni kama sebule zetu zote: kuta za saruji, sakafu ya vigae, madirisha ya kioo. Minara imesukumwa kwenye pembe, kila mmoja kona yake, kwa sababu ndipo inapendeza. Kona inaongeza besi, hilo halihitaji digrii, hata ukiongea umeinamia kona utasikia sauti yako inanenepa. Halafu chumba chenye urefu wa mita 4 kina mlio wake kinaoupenda. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, gawanya kwa mara mbili ya urefu, unapata kama hezi 43. Upande wa mita 3 unapata 57. Milio hiyo chumba kinaivimbisha chenyewe ukikaa sehemu fulani, na kuimeza ukikaa sehemu nyingine. Na vigae vinarudisha sauti za juu kama mpira ukutani, neno linafika mara mbili tatu.

Siku ya kwanza sikununua kitu wala sikusema kitu. Nilitoa minara kwenye kona, nikaisogeza mbele kama hatua moja kutoka ukutani, nikaigeuza kidogo imtazame mjomba, nikatandika zulia la chumbani kwao pale mbele na kufungua mapazia mazito ya shangazi yafunike kioo. Bei yake: jasho. Mjomba akasikiliza, akasema, "Afadhali." Afadhali tu, lakini ni afadhali ya bure. Ni wangapi wanalipa laki tano kwa kitu ambacho kusogeza meza kungetosha?

SASA MACHO. Hili ndilo hasa nililotaka kuandika.

Kuna mtafiti anaitwa Floyd Toole, alifanya kazi miaka mingi kwenye baraza la taifa la utafiti la Kanada kisha akaenda kampuni ya Harman. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwakalisha watu nyuma ya pazia, wasikilize spika bila kuziona, watoe alama. Mwaka 1994 yeye na mwenzake Sean Olive walichapisha jaribio ambalo watu walisikiliza spika zilezile mara mbili, mara ya kwanza bila kuziona, mara ya pili wanaziona. Alama zikabadilika! Kulikuwa na seti moja ya spika ndogo za bei nafuu. Pazia likiwepo ilijitahidi vizuri tu, watu walipoiona umbo lake ikashuka. Na hao hawakuwa watu wa kuokotwa barabarani, walikuwa wafanyakazi wa kampuni inayotengeneza spika. Kama wao macho yanawadanganya, sembuse mjomba aliyesimama Kariakoo jua la saa nane na taa za bluu zinampepesea?

Nikasema basi, na sisi tutafanya. Nina mshikaji Sinza ana studio ndogo ya kurekodi sauti. Nilikuwa nimeazima spika zake mbili kabla ya kuondoka Dar, za mbao, za mtumba kutoka Ulaya, kila moja ndogo kuliko ndoo ya lita ishirini. Alizipata kwa 280,000 jozi. Jina lake silitaji nisionekane nafanya tangazo.

Tukahitaji sauti ya kupimia. Hapa nikawaiga watu wa BBC. Mnapenda kusikia BBC kwa habari tu, lakini miaka ya sitini na sabini mainjinia wao walikuwa wanatengeneza spika zao wenyewe za kukagulia matangazo. Maarufu kuliko zote ni kadogo kanaitwa LS3/5A, ka miaka ya sabini, urefu kama sentimita 30 tu, kalitengenezwa kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo ambako nafasi haipo. Mpaka leo watu wenye pesa duniani wanakatafuta kama lulu, na besi ya kutikisa dirisha hakana kabisa! Njia mojawapo ya hao mainjinia ilikuwa rahisi mno: mrekodi mtu unayemfahamu akiongea, halafu linganisha sauti inayotoka kwenye spika na yule mtu mwenyewe. Kwa sababu gitaa la mtu hulijui lilivyolia studio siku ile, lakini sauti ya binadamu unayeishi naye huwezi kudanganywa.

Na mjomba anaishi na sauti gani? Ya shangazi! Miaka thelathini na ushee. Tukamweka shangazi chini ya mwembe, nje, pasipo mwangwi, akasoma ukurasa wa gazeti, nikamrekodi kwa simu. Alisoma kwa madaha kama mtangazaji, tukacheka.

Kisha tukatundika mashuka mawili kwenye kamba sebuleni. Nyuma yake minara na zile ndogo, zote mahali pamoja, mbali na kona, ndogo juu ya stuli ili mdomo wake ulingane na masikio. Amplifaya ileile ya mjomba. Nikapima kwa programu ya simu pale kwenye kiti chake mpaka zote zikalingana sauti, na hili msilisahau: sauti iliyozidi hata kidogo, desibeli moja tu, sikio linaiona nzuri zaidi bila kujua kwa nini. Ndiyo sababu muuzaji akitaka uchukue fulani, anaiinua kidogo. Binamu akawa anarusha sarafu na kubadilisha waya, mimi nimewapa mgongo nisimpe mjomba ishara hata kwa bahati mbaya. Mara kumi. Swali moja tu: ipi ni mkeo?

Mara tisa kati ya kumi mjomba alisema "huyu ndiye" kwa spika zilezile. Ile nyingine akasema, "Huyu ni yeye ana mafua, tena yuko ndani ya pipa."

Tukashusha mashuka. Hakusema kitu. Alitazama vile viboksi viwili vya mbao juu ya stuli za jikoni, akatazama minara, akarudi kwenye viboksi. Halafu akaniambia niweke Cuban Marimba. Zile rekodi za zamani za mono, hazina taa wala mbwembwe. Akasikiliza mpaka mwisho bila kuongeza sauti. Alichosema baadaye ndicho kimenileta hapa. Alisema, "Kwa hiyo si masikio."

Karibu mwaka mzima, washikaji. Karibu mwaka mzima mtu amekaa na imani kwamba amekuwa kiziwi, ameacha muziki wake, ameanza kukwepa hata mazungumzo barazani kwa aibu, kwa sababu ya maboksi mawili yenye taa. Na alikuwa tayari kulipa milioni 2 zaidi kuuongeza huo uziwi.

Sasa najua mtakavyonijibu, nawafahamu. Jamaa wa chumba cha jirani ameshaanza: "Mjomba wako alinunua feki, angenunua za bei mbaya zenyewe." Ndugu yangu, ziko spika za mamilioni ambazo ni nzuri kweli, sikatai. Kiboksi kizito kisichotetemeka, wufa na twita zilizotengenezwa kwa umakini, vinagharimu. Lakini bei haisikiki. Ukishaingia kwenye ulimwengu wa kifahari utauziwa na waya wa laki nane mita moja. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wa duka la vifaa vya umeme, kwa mita 5 kwenda na 5 kurudi una upinzani wa kama omu 0.07. Spika ni ya omu 8. Haifiki hata asilimia moja! Hiyo laki nane mpelekee mama yako.

Mwingine atasema, "Lakini kwenye sherehe hizo ndogo hazifai." Kweli kabisa. Kwenye sherehe uwanjani kodi spika za uwanjani. Huendi shamba na kiatu cha harusi. Mimi naongelea sebule na mtu anayetaka kusikia.

Na niwe mkweli, zile ndogo zina upungufu. Besi ya chini kabisa hazifiki, mjomba mwenyewe alilisema bila kuulizwa. Akinunua zake pengine atachukua kubwa kidogo ya hizo. Lakini kukosa kitu kidogo ni tofauti na kuongopewa kitu kizima.

Kwa hiyo ukienda kununua, iwe ya laki mbili au ya milioni ishirini, beba sauti ya mtu wako kwenye simu, dada, mama, yeyote. Waambie dukani walinganishe sauti za spika. Geuka, zipe mgongo. Sikiliza maneno kwanza, besi baadaye, na sikiliza nusu saa siyo dakika mbili. Uliza za kujaribu nyumbani, wakikataa waulize wanaogopa nini. Na kabla ya yote, sogeza zile ulizonazo kutoka kwenye kona.

Minara ya mjomba bado ipo. Hairudishwi, muhuri umesema. Shangazi ameirudishia vitambaa vyake na kuweka maua ya plastiki juu. Spika za mshikaji wangu nazo hazijarudi Sinza. Mjomba kasema nimpe wiki mbili, na nilipomwuliza wiki mbili za nini hakunijibu, alikuwa anasikiliza.

Naishia hapa, nadaiwa ripoti ya maabara. Atakayebisha karibu chumbani, lakini aje na shuka lake.